Kiti cha Wakio

Ruwi, Ijumaa, saa nane mchana.
Jua limeegemea ukuta kama mdai
asiyekusudia kuondoka.
Chumba ni chetu kwa saa mbili tu.
Wamalayali wametoka, uvumba wao umebaki;
Wafilipino watabisha na magitaa saa kumi kamili.
Katikati ya hao, sisi:
viti kumi na kimoja vya plastiki,
na tunakaa kumi.

Cha kumi na moja ni cha Wakio.
Miaka miwili na miezi mitatu hajakikalia.
Ijumaa kwao ni siku ya wageni,
ya sinia la wali na mbuzi,
ya kanzu kumi na nne za kupigwa pasi.
Basi tunaweka simu juu ya kiti,
tunaiegemeza kwenye kitabu cha Tumpe kilichong'oka jalada,
naye anatusikiliza kutoka chumba cha kufulia, kule Seeb,
sikio moja kwetu, moja kwa kengele ya Bibi.
"Huku Kiswahili si maficho," alituambia.
"Bibi kazaliwa Wete. Nikinong'ona anasikia.
Kuomba, naomba kwa Kitaita."

Kabla ya kiti hicho sikujua kusoma.
Nilikimbiza aya kama anayewahi basi,
nimalize, niitikiwe amina, nikae.
Wakio akaandika: *Punguza mwendo.
Pasi ina mvuke, maneno yananipita.*
Sasa nasoma mstari mmoja, nangoja.
Katika kungoja huko neno "mkate"
liliwahi kunikaa mdomoni
hadi nikaionea aibu chapati niliyoificha Jumatano
Kyomuhendo asije akaomba nusu.

Ndivyo tunavyokua, kama huku ni kukua:
kwa kucheleweshana.

Ijumaa ile tulifika pale pa kuungamiana makosa.
Pagumu. Huwa tunapapita kwa wimbo.
Tumpe ndiye mshika kopo letu la maziwa ya unga,
rial mbili mbili za kila mtu,
za nauli ya anayefukuzwa usiku,
za dawa, za sanduku la kurudi nyumbani, Mungu apishe mbali.
Alisimama. Akakaa. Akasimama.
"Kopo lina magazeti," akasema.
"Noti nilizituma Tukuyu. Rial arobaini na sita.
Mwanangu alikuwa anarudishwa ada.
Nilijaza karatasi ili likishikwa lisiseme."

Kiyoyozi kilidondosha tone kwenye beseni.
Likafuata jingine.
Hasira yangu ilijua hesabu: nilikuwa nimeshafika
rial nane za jasho langu
pale simu ilipopumua mvuke,
na sauti ya kizee ikauliza kwa mbali,
"Wamekwisha?"
"Bado, Bibi. Wanatafuta neno."

Kisha Wakio, kwetu, karibu kabisa:
"Tumpe, usitoke. Mimi pia.
Tangu Februari Bibi ananiambia nenda.
Ruhusa ninayo.
Hapo kitini mnanipenda, mnanisomea polepole.
Nikija nitakuwa mtu tu, wa kumi na moja,
mwenye hasira za karibu na harufu ya sabuni."

Nikasema ya chapati.
Watu wakacheka. Kyomuhendo hakucheka.

Hatukumaliza vizuri.
Anyosisye, dereva wa maji, alitaka kopo libaki kwa Tumpe,
"asije akawa mwizi kwetu hata akishalipa."
Wengine wakaguna. Mimi niliguna.
Tumpe atalipa rial nne kwa mwezi;
ya kopo hayajaamuliwa.
Tukaomba tukiwa tumeshikana mikono,
mingine imeshikwa kwa ncha za vidole.
Nikamega chapati pamoja na Kyomuhendo,
nikampa kipande kikubwa,
nikakipima kwa jicho wakati kinakwenda.
Magitaa yakabisha.

Leo sikuiweka simu kitini.
Saa nane na dakika kumi.
Kopo liko mezani, mfuniko wazi.
Nimefungua kitabu,
sijaanza kusoma.